'Attach' Maana Yake ni Kufunga Kwenye Kigingi, Si Kuuza

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya akiba, mikopo, ufugaji wa kuku na vitabu vya hesabu. Safari hii tunachukua neno moja tu la Kiingereza, tulichambue pamoja kama mama anavyochambua mchele kwenye uteo. Neno lenyewe ni 'attach'. Mtaani tunasema 'kuatachi', na mara nyingi ukilisikia, kuna mtu analia.

Ni neno la korti. Lakini kikundi kisicholijua kinaweza kupoteza kwa siku moja mali iliyokusanywa kwa miaka kumi. Sisi tumeliona jambo hili kwa macho yetu.

YALIYOTOKEA GATINA

Asubuhi moja tulipigiwa simu kutoka Gatina, kule Kawangware. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama ambacho tumetembea nacho muda mrefu. Kikundi hiki hukodisha viti vya plastiki, hema na sufuria kubwa kwa watu wenye harusi na matanga. Mwenyekiti alisema hivi tu: "Dada, njooni haraka. Wameatachi viti vyetu. Tumekwisha."

Tulipofika tuliwakuta kina mama wameketi nje ya nyumba ya mweka hazina, kimya, kama watu waliofiwa. Tukauliza viti viko wapi. Wakatuonyesha ndani. Kumbe viti vyote vilikuwepo! Hema lilikuwepo, sufuria zilikuwepo. Kilichokuwa kimekuja ni karatasi tu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mweka hazina alikuwa amemdhamini kaka yake kwa mkopo huko mjini. Kaka akaacha kulipa. Mkopeshaji akaenda mahakama ya Milimani, akashinda kesi. Barua za korti zilimfikia mama huyu, lakini kwa hofu na aibu akaziweka chini ya godoro. Hakumwambia mtu. Mwishowe akaja dalali wa mnada, yule tunayemwita okshonia, akaandika kila alichokiona: sofa, televisheni, cherehani, viti, hema, sufuria. Akaacha nakala, akaenda zake.

Katika kile kikao cha nje kulikuwa na maoni mawili. Mama mmoja alisema viti vimeshauzwa, kwa hiyo kila mtu akubali hasara na kikundi kivunjwe. Mwingine alisema usiku ukiingia vibebwe vyote mpaka Kangemi kwa dada yake, vifichwe. Wote wawili walikuwa wanakosea, na kosa lao lilitoka mahali pamoja: hawakujua maana ya neno 'attach'.

NENO HILI LILITOKA WAPI?

Waingereza wenyewe waliliazima. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza na kuitawala. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, mabishano katika mahakama kubwa za Uingereza yaliendeshwa kwa Kifaransa. Mkulima wa kawaida alisimama mbele ya jaji akasikia wakubwa wakibishana juu ya ng'ombe wake, naye haelewi neno. Mnaona kwamba shida ya kutoelewa lugha ya korti haikuanzia kwetu! Mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward wa Tatu, ilitungwa sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuielewa lugha ile nyingine. Hata hivyo maneno mengi ya Kifaransa yalibaki kortini mpaka leo, na 'attach' ni mojawapo.

Katika Kifaransa cha zamani kulikuwa na neno 'estache', yaani kigingi au nguzo iliyosimikwa ardhini. Ni ndugu wa neno la Kiingereza 'stake', ambalo pia ni kigingi. Kutoka hapo kikapatikana kitendo 'atachier', kufunga kitu kwenye kigingi. Neno lilipoingia katika Kiingereza, miaka ya 1300, lilianza na kazi ya kortini: kumshika mtu au mali kwa amri ya sheria. Maana ya kawaida ya kuunganisha kitu na kingine, kama tunapobandika risiti kwenye ripoti ya kikundi, ilikuja baadaye.

Tena neno hili lina ndugu wa tumbo moja. Lilizunguka Italia, likapita tena Ufaransa, likafika Uingereza likiwa 'attack', yaani kushambulia. Basi msishangae mkiona dalali amekuja kuatachi na nyinyi mkahisi mmeshambuliwa. Maneno haya mawili yalizaliwa nyumba moja. Lakini kwa sheria hayafanani, na dalali anayekuja kwa vita, kwa matusi na kuvunja ovyo, ameacha kazi ya neno la kwanza akaingia kazi ya neno la pili.

MBUZI ALIYEFUNGWA BADO ANA MWENYEWE

Sasa tuache Ulaya turudi nyumbani. Kila mmoja wetu aliyekulia mashambani amewahi kumfunga mbuzi. Unapigilia kigingi, unafunga kamba, mbuzi anabaki hapo akila majani. Je, mbuzi huyo ameuzwa? La. Amechinjwa? La. Bado ni wako. Ila hawezi tena kwenda anakotaka mpaka kamba ifunguliwe.

Hiyo ndiyo maana ya 'attach' kortini. Mali imefungwa kwa kamba ya mahakama. Bado ni yako, lakini huwezi kuiuza, kuigawa wala kuificha. Kati ya kufungwa na kuuzwa kuna siku kadhaa, na siku hizo ni za mwenye mali kutumia. Yule mama aliyesema viti vimeshauzwa alikuwa anazitupa siku hizo bure.

Na yule aliyetaka kuvibeba usiku? Yeye alikuwa anakata kamba. Mali ikishafungwa kwa amri ya korti, kuihamisha au kuificha kwa nia ya kuizuia amri hiyo ni kosa la jinai katika sheria za Kenya, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Kikundi kingetoka kwenye deni la mtu mmoja kikaingia kwenye kesi ya watu ishirini.

SHERIA HII ILIFIKAJE KWETU?

Ilikuja na ukoloni, kwa njia mbili. Sheria ya jumla ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ndiyo iliyowekwa kuwa sehemu ya sheria yetu, na tarehe hiyo imeandikwa mpaka leo katika Sheria ya Mahakama ya Kenya. Lakini taratibu za kesi za madai, ambazo ndizo zinazoeleza mali ifungwe namna gani, zilifuata kielelezo cha India, nchi ambayo Waingereza waliitawala pia. Sheria yetu ya Utaratibu wa Kesi za Madai ilianza mwaka 1924, na baadhi ya maneno yake utayakuta karibu vilevile katika sheria ya India ya mwaka 1908.

Jambo hili lina faida kwetu. Waliotunga sheria ile waliona kwamba maskini akinyang'anywa kila kitu hataweza hata kulipa hilo deni. Wazo hili ni la kale. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 24, watu wanakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kumchukulia mtu jiwe la kusagia ni kumchukulia uhai wake.

VITU AMBAVYO KORTI HAIFUNGI

Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinataja vitu ambavyo havitakiwi kushikwa kwa ajili ya deni la hukumu ya korti. Vinavyotuhusu zaidi ni hivi:

- Nguo za lazima za mdaiwa, za mke wake na za watoto.
- Vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yao.
- Mapambo ambayo mwanamke, kwa desturi ya dini yake, hawezi kuachana nayo.
- Vyombo vya kazi ambavyo mtu anavihitaji ili kufanya kazi yake. Fundi na vifaa vyake, mshonaji na cherehani yake.
- Kwa mkulima, sehemu ya mifugo, ya zana za shamba na ya mazao. Lakini viwango vya pesa vilivyowekwa ni vidogo, kwa hiyo usidhani ng'ombe wote wako salama.

Sofa, televisheni, redio na pikipiki ya matembezi hazimo katika orodha hii. Hizo hufungwa.

KAMBA INA UREFU GANI?

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Urefu wa kamba hii umeandikwa katika Kanuni za Madalali za mwaka 1997, zilizotolewa chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996.

Kwanza, dalali mwenye leseni, akiwa na hati ya korti, huja kuandika orodha ya mali. Orodha ionyeshe kila kitu, hali yake na thamani yake, na mwenye nyumba au mtu mzima aliyepo hutakiwa kuitia sahihi. Kutia sahihi si kukubali deni. Ni kukubali kwamba orodha imeandikwa mbele yako.

Pili, dalali hutoa ilani ya siku 7. Katika siku hizo haruhusiwi kuondoa mali. Ukilipa deni pamoja na gharama zake, kamba inafunguliwa.

Tatu, siku 7 zikipita bila malipo wala amri nyingine ya korti, anaweza kuchukua mali na kuitangaza gazetini. Mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 7 kupita tangu tangazo la kwanza.

Tena dalali wa korti haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi usiku, baada ya jua kuzama na kabla ya kuchomoza. Akibisha hodi saa tano za usiku, mjue hafuati sheria.

MAMBO MANNE YA KUFANYA KATIKA ZILE SIKU 7

1. Soma karatasi siku hiyohiyo. Tafuta namba ya kesi, jina la mahakama, jina la anayedai na kiasi cha pesa. Kama Kiingereza kinakushinda, peleka kwa katibu wa kikundi, kwa mwalimu, au kwetu ofisini. Barua ya korti haipoi ikilaliwa. Kila siku inapokaa chini ya godoro, kamba inafupika.

2. Kama deni ni lako na huna pesa zote, omba kulipa kidogo kidogo. Sheria inaruhusu korti kuamuru malipo ya awamu hata baada ya hukumu, ikiwa kuna sababu ya kutosha. Mara nyingi mdai mwenyewe atakubali, kwa sababu viti vya zamani mnadani havileti pesa nyingi. Makubaliano yoyote yaandikwe na yapelekwe kortini.

3. Kama mali si ya mdaiwa, mwenye mali apinge. Amri ya 22 ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010 inampa mtu au kikundi haki ya kuandikia korti na pande zote za kesi kwamba mali iliyofungwa ni yake. Anaweza kufanya hivyo hadi kabla ya pesa za mnada kulipwa kwa mdai, lakini asingoje mpaka huko. Korti inaweza kusimamisha mnada ili jambo lichunguzwe. Anayepinga akithibitisha kwamba mali ni yake, korti huondoa kamba.

4. Tafuta ushauri. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimekuwa kikiwasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Pia kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Na msiogope lugha. Katika mahakama za chini ya Mahakama Kuu, sheria inaruhusu Kiswahili kama inavyoruhusu Kiingereza. Wale wa mwaka 1362 waliililia haki hiyo. Sisi tunayo, tuitumie.

MSICHANGANYE MAMBO

Kuna mambo mawili yanayofanana na 'attach' lakini siyo.

La kwanza ni kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutumia sheria nyingine, na pale hahitaji kwanza kushinda kesi kama mkopeshaji wa kawaida. Hata hivyo ni lazima apitie kwa dalali mwenye leseni. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili mpangaji atoke siyo kuatachi. Ni uonevu, na mkaripoti.

La pili ni vitu ulivyoviweka rehani wewe mwenyewe kwa sahihi yako. Ukikopa na kuandika kwamba friji, pikipiki au cherehani ni dhamana, mkopeshaji anafuata sheria ya dhamana ya mali inayohamishika ya mwaka 2017. Ile orodha ya kifungu cha 44 ni ya kukukinga na amri za hukumu ya korti. Usiitegemee ikukinge na sahihi yako mwenyewe. Kwa hiyo soma kabla ya kutia kidole. Kukopa harusi, kulipa matanga.

MWISHO WA KISA CHA GATINA

Tuwaambie basi yaliyofuata. Siku ya tatu tangu karatasi ile ije, mwenyekiti, katibu na mmoja wetu walipanda matatu ya namba 46 wakaenda mjini wakiwa na mfuko wa karatasi: cheti cha usajili wa kikundi, kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na risiti. Katika kitabu ilionekana wazi mkutano ulioamua kununua viti, pesa zilizochangwa na kila mama, na risiti yenye jina la kikundi. Wakasaidiwa kuandika pingamizi. Viti na sufuria vikafunguliwa kamba. Cherehani ikaachwa kwa kuwa ndiyo kazi ya mama mweka hazina. Naye akakubaliwa kulipa deni lililobaki kwa awamu.

Lakini hema liliuzwa. Lilinunuliwa kwa pesa za kikundi, kila mama anajua hivyo. Ila siku ya kulinunua, muuzaji aliuliza jina la kuandika kwenye risiti, na mama mweka hazina akataja jina lake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya, ni haraka tu. Na katika kitabu cha mikutano hakuna aliyeandika juu ya hema. Mbele ya korti, risiti ilisema hema ni la mdaiwa.

Hapa nasi tunakiri kosa letu. Miaka yote tumewafundisha kina mama hawa kuweka akiba na kugawana faida. Hatukuwahi kuwaambia risiti iandikwe jina la nani. Tunaliandika hapa ili kikundi kingine kisilipie somo hilo kwa hema.

Mama mweka hazina alijiuzulu kwa aibu. Kina mama walikaa wakazungumza, wengine kwa hasira, kisha wakamrudisha kama mwanachama na kuchagua mwingine wa kushika hazina. Walimwambia neno ambalo tumelikumbuka: "Hatukukasirikia deni. Tulikasirika kwa kuwa ulituficha."

USHAURI KWA KILA KIKUNDI

Andikisheni kikundi kwa mujibu wa sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022. Kila kitu kinunuliwe kwa jina la kikundi. Wekeni kitabu cha mali, na kila mwisho wa mwaka mhesabu mali mbele ya wanachama wote. Andikeni jina la kikundi kwa rangi chini ya kila kiti. Vitu visikae nyumbani kwa mtu mmoja bila karatasi inayosema amevitunza tu kwa niaba ya kikundi. Na kiongozi akitaka kumdhamini mtu, awaambie wenzake kwanza.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halibadiliki. Lakini mwenye deni ana haki ya kulipa akiwa na kitanda cha kulalia na chombo cha kazi mkononi, na jirani yake ana haki ya kutolipishwa deni lisilo lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WENU

1. Mali ya kikundi chetu iko nyumbani kwa nani? Risiti zimeandikwa jina la nani?
2. Je, kuna mwanachama mwenye barua ya korti aliyoificha kwa hofu? Tufanye nini ili asione aibu kuileta?
3. Dalali akija kesho, ni nani atakayeisoma karatasi, na ataipeleka wapi?
4. Ni kitu gani tutakachobadilisha kabla ya mkutano ujao?